KUPIMA UGOMVI WA MATAIFA KAMA TUPIMAVYO MVUA

Hotuba iliyosomwa mbele ya wanachama mjini Dodoma



 Bwana Katibu aliponiuliza nitasema juu ya jambo gani, nikamjibu kwamba nitasema juu ya uhusiano wa mataifa, alinitazama kitambo, kisha akasema, "Bwana, wewe ni karani wa masijala, mambo ya mataifa si kazi ya mabalozi?" Sikumjibu neno siku ile. Lakini nilipofika nyumbani niliyafikiri maneno yake, nikaona kwamba yana kosa ndani yake. Mabalozi hugombana kwa barua, na wakipatana hutia sahihi, wakaagana kwa adabu. Lakini vita ikizuka, nafaka hutolewa katika ghala ya nani, na ng'ombe hutolewa katika zizi la nani? Sisi watu wa Ugogo twajua jibu la swali hilo, nami nitalifikia kabla sijaketi.

Nitakalo kuwaonyesha ni kwamba ugomvi wa mataifa waweza kuchunguzwa kwa njia ya sayansi, kama ichunguzwavyo mvua. Tena vyombo vya uchunguzi huo ni vile vile vya kazi yetu, yaani daftari, fomu na hesabu. Na daftari hilo la vita, kama daftari lo lote, lastahili kuulizwa kwanza ni nani aliyeachwa nje yake.

Yafaa nieleze njia ya sayansi ni nini, maana siku hizi neno hili hutiwa katika kila jambo kama chumvi. Wengi hudhani kwamba ni mitambo na chupa za dawa. Sivyo. Kitazameni kipimo cha mvua: ni kopo tu lililosimamishwa mahali pa wazi. Kila siku saa tatu asubuhi mtu hukiendea, akamimina maji katika gilasi yenye mistari, akasoma, akaandika. Isiponyesha huandika sifuri, na sifuri ile ni habari kamili sawasawa na mvua ya milimita arobaini. Akifanya hivyo miaka mingi bila kuchoka, twapata kujua kwamba Dodoma hupata kama milimita 570 kwa mwaka, karibu zote kati ya Desemba na Aprili, na kwamba mwaka na mwaka haifanani. Hapo mtu aweza kusema juu ya mvua neno lenye uzito kupita neno la jirani yake.

Nilipoanza kazi ya ukarani, katika ofisi ambayo sitaitaja, nilikuta daftari la mvua ambalo Jumapili zake zote ziliandikwa sifuri. Nilistaajabu kwamba hata mawingu hushika siku ya Bwana. Kumbe mwenye zamu hakufika siku hizo, na Jumatatu alikuta maji ya siku mbili akayaandika kuwa ya siku moja. Jumla ya mwezi ilikuwa sahihi, na aliyetia sahihi yake chini hakuona kosa. Lakini mtu ambaye angetaka kujua kama mvua kubwa za siku moja zinazidi mwaka hata mwaka, angalidanganywa na daftari lile. Nakiri kwamba nilikaa miezi miwili kabla ya kusema, kwa kuwa nilikuwa mgeni, na mwenye zamu alikuwa mtu mzima kwangu. Nalitaja jambo hili kwa sababu tutakutana nalo tena huko mbele.

Sasa tazameni jinsi tunavyozungumza juu ya vita. Mwulize mtu barazani kwa nini jeshi la Uganda liliivamia nchi yetu mwezi wa Oktoba mwaka wa 1978, naye atakujibu kwamba Idi Amin alikuwa mkatili mwenye pupa. Sitamtetea mtu yule. Lakini jibu hilo lina ila moja, nayo ni kwamba haliwezi kushindwa. Alipovamia tulisema ni pupa. Angalitulia, tungalisema aliogopa. Neno lisiloweza kushindwa na jambo lo lote litokealo halitufundishi jambo lo lote. Mtu wa sayansi hufanya kinyume: husema neno lake waziwazi, kisha yeye mwenyewe huenda kutafuta mahali pa kulishindia.

Basi na tujaribu, kwa mfano wa kwetu. Tanzania ilipata kuwa na ugomvi wa mpaka na majirani wawili, Uganda na Malawi, na mipaka hiyo yote miwili ilitoka katika karatasi moja, yaani mapatano ya Waingereza na Wadachi yaliyotiwa sahihi Berlin tarehe 1 Julai 1890. Magharibi ya ziwa Viktoria, mapatano yale yalifuata mstari wa digrii moja kusini mwa Ikweta, hayakufuata mto Kagera. Kwa hiyo kipande cha nchi kati ya mstari na mto kilibaki upande wa Wadachi, na baadaye upande wetu. Katika ziwa Nyasa mpaka uliandikwa ukingoni mwa maji. Malawi ikashika maneno hayo, na Tanzania, tangu mwaka wa 1967, ikashika kwamba mpaka wapita katikati ya ziwa. Karatasi ni moja, kalamu ni moja, na walioandika hawakupata kuwaona watu wa Kagera wala wavuvi wa Nyasa.

Endeleeni kulinganisha. Wakuu wa nchi walichukiana? Walichukiana pande zote mbili. Rais Nyerere hakukubali kamwe serikali ya Amin. Na kwa habari ya Malawi, Rais Banda na Rais Nyerere walitupiana maneno makali hadharani, na mwaka wa 1968 Banda alidai hata sehemu za nchi kavu za kusini mwa Tanzania, kama Amin alivyodai baadaye nchi mpaka mto Kagera. Wakimbizi wa siasa, je? Walikuwako pande zote mbili. Mawaziri wa Malawi waliokosana na Banda mwaka wa 1964, miongoni mwao Kanyama Chiume, walipokewa kwetu. Na Obote aliyepinduliwa tarehe 25 Januari 1971 alipokewa vile vile. Mpaka hapa mizani imesimama sawa. Hata hivyo katika ziwa Nyasa hapakuwa na vita, wala neno lile lilipofufuliwa mwaka wa 2012 hapakuwa na vita; na upande wa Kagera vita ikawa, haikwisha kwetu mpaka baada ya kuanguka kwa Kampala tarehe 11 Aprili 1979.

Mabwana, mmeona tulichopata? Kwa kuweka mambo mawili ubavu kwa ubavu tumekwisha kujua kwamba mpaka wenye shaka, peke yake, hautoshi kuleta vita. Wala chuki ya wakuu haitoshi. Wala wakimbizi hawatoshi. Hivi vyote vilikuwako pale ambapo hapakuwa na vita. Tena kuna dhana moja ipendwayo sana na waungwana, ya kwamba nchi zifanyazo biashara pamoja hazipigani. Uganda ilikuwa mwenzetu katika Jumuiya ya Afrika ya Mashariki tangu mwaka wa 1967 mpaka ilipovunjika mwaka wa 1977, Malawi haikuwamo. Aliyekuwa mwenzetu ndiye aliyepigana nasi. Mfano mmoja hauvunji kanuni, maana wengine watasema kwamba vita ilikuja baada ya kuvunjika kwa Jumuiya, nao wana haki kusema hivyo. Lakini angalau yatupasa tusiitamke dhana hiyo kama ungamo la imani.

Sasa yaliyo tofauti. Kwanza, Kagera ni nchi kavu, na Nyasa ni maji. Pili, jeshi la Uganda lilikuwa kubwa, na la Malawi dogo. Tatu, na hili ndilo nilipendalo mimi, mwaka wa 1978 jeshi la Uganda lilikuwa na fitina ndani yake. Mwezi wa Aprili mwaka ule Makamu wa Rais, Mustafa Adrisi, aliumia katika ajali ya gari, na askari waliokuwa wakimtegemea wakanung'unika. Baadaye vikosi vingine viliasi, na machafuko yakasukumwa kusini mpaka mpakani. Banda, kwa upande wake, aliishika nchi yake kwa mkono mgumu, na jeshi lake lilikaa kimya. Nasema nalipenda hili la tatu. Lakini kupenda si kuthibitisha. Fedha ikipungua katika kasha siku ambayo watu watatu walishika ufunguo, huwezi kumfunga mmoja kwa kuwa uso wake haukupendezi. Mifano miwili haiwezi kutenganisha sababu tatu. Twahitaji mifano mingi, na hapo ndipo ilipoanza kazi ya watu ninaotaka kuwatajia.

Wa kwanza ni Mwingereza, Lewis Fry Richardson, aliyezaliwa mwaka wa 1881. Mtapenda kusikia kwamba kazi yake hasa ilikuwa ya mvua na upepo. Alikuwa mtu wa dini ya Kwaker, asiyekubali kushika silaha. Kwa hiyo katika vita vya kwanza vya dunia aliendesha gari la majeruhi huko Ufaransa. Mwaka wa 1922 alitoa kitabu kilichoonyesha jinsi ya kutabiri hali ya hewa kwa hesabu. Katika kitabu hicho alitia jaribio lake mwenyewe, la hali ya hewa ya siku moja ya mwaka wa 1910, alilolipiga kwa mkono. Jibu lilikosea vibaya sana. Hakulificha, alilipiga chapa pamoja na kazi yake yote, ili wengine waone palipopotoka. Baada ya miaka, mashine za kuhesabu zilipopatikana, wataalamu wa hali ya hewa waliifuata njia ile ile wakaifanikisha. Mimi nalipenda kosa lile kupita majibu sahihi mengi niliyopata kuyasoma. Sisi wa Dodoma tunaye jirani yetu Kongwa wa kutukumbusha kinyume chake: mpango wa karanga ulioanza mwaka wa 1947 ulikuwa na tarakimu tele, lakini nchi ilikaguliwa kwa haraka, na kwa sehemu kubwa kutoka hewani, udongo ulipokauka ukawa mgumu kama saruji, jambo ambalo kila mwenye jembe wa pale alilijua, na mwaka wa 1951 mpango ukaachwa, pauni milioni 36 hivi zimekwisha kwenda.

Turudi kwa Richardson. Katika miaka yake ya baadaye alianza kuandika orodha ya ugomvi wote wa kuua watu tangu mwaka wa 1820, akaupanga kwa idadi ya waliokufa, kama vile mtu apangavyo mvua kwa milimita. Hakuuliza nani alikuwa na haki, kwa kuwa alijua kwamba hapo watu hawatapatana kamwe. Aliuliza wangapi walikufa, lini, na nani na nani. Vitabu vyake juu ya mambo hayo vilipigwa chapa mwaka wa 1960, na yeye alikuwa amekwisha kufariki mwaka wa 1953.

Aliona nini? Aliona kwamba vita huanza katika miaka kama kete zirushwazo ovyo juu ya ubao wa bao: mashimo mengine hupata kete mbili tatu, mengine hayapati hata moja, wala hakuna utaratibu wa kusema kwamba baada ya miaka kadha lazima vita ije. Aliona kwamba nchi zenye mipaka na majirani wengi hupigana zaidi. Aliona pia kwamba lugha moja si dawa ya vita. Na hili mwenye kutaka ushahidi wa karibu aukumbuke mwaka wa 1979, ambapo Kiswahili kilikuwa lugha ya jeshi la Uganda na ya jeshi la Tanzania pia, wala hakikuzuia risasi hata moja. Na alipokuwa akipima urefu wa mipaka alikuta jambo litakalowachekesha makarani: mpaka wa Hispania na Ureno uliandikwa na nchi moja kuwa kilomita 987, na nchi ya pili ikauandika mpaka ule ule kuwa kilomita 1,214. Hakuna aliyesema uwongo. Mwenye kipimo kifupi hufuata kila pindo la mto, na mwenye kipimo kirefu huyaruka. Basi kabla ya kubishana juu ya jibu, ulizeni kwanza kipimo.

Baada yake, mwaka wa 1963, Bwana David Singer wa Chuo Kikuu cha Michigan, Marekani, alianzisha daftari la vita vyote tangu mwaka wa 1816, ambalo wachunguzi wa nchi nyingi wamelitumia. Walihitaji kanuni moja ya kuamua lipi ni vita na lipi si vita, wakachagua hii: wafu wa mapigano wasiopungua elfu moja. Kwa kanuni hiyo vita vya mwaka wa 1978 na 1979 vimo. Ugomvi wa Septemba 1972 haumo katika vita, wakati wakimbizi wa Uganda walipoingia kwao kutoka kwetu na ndege za Amin zikatupa mabomu Bukoba na Mwanza, mpaka Oktoba mapatano yakafanywa Mogadishu. Sisemi kwamba kanuni ni mbaya. Daftari lisilo na kanuni ni gunia la karatasi. Lakini mtu wa Bukoba aliyeangukiwa na bomu hakuulizwa kwanza kama wafu wametimia elfu.

Nimefika sasa kwenye neno nililoliahidi. Wafu wanaohesabiwa katika kanuni ile ni watu wa majeshi. Raia hawamo, na wafao kwa njaa hawamo.

Mwaka wa 1914 mataifa ya Ulaya yaligombana. Wagogo hawakuwa na neno na Mwingereza wala na Mdachi wala na mtu ye yote wa Ulaya. Lakini reli ilikuwa imekwisha kufika Dodoma, nayo ilileta jeshi pamoja na matumbo yake. Wadachi walichukua ng'ombe na nafaka na wapagazi. Tarehe 29 Julai 1916 jeshi la Jenerali van Deventer, la upande wa Waingereza, liliingia Dodoma, na hao nao walitaka ng'ombe, na nafaka, na wapagazi. Wenye nguvu za kulima walikuwa njiani na mizigo vichwani. Mvua ilipokosa kunyesha vema, nyumba ambazo zamani zingalijisaidia kwa akiba ya ghala, au kwa kuuza ng'ombe kwa majirani wenye chakula, hazikuwa na akiba wala ng'ombe. Njaa ile, ya miaka ya 1917 hata 1920, ndiyo iitwayo Mtunya. Maofisa wa Waingereza wenyewe walikadiria kwamba katika wilaya ya Dodoma, yenye watu kama 150,000, walikufa watu 30,000. Tazameni safu ya viti mlivyokalia, mkamhesabu kila mtu wa tano.

Babu yangu mzaa baba alizaliwa baada ya Mtunya. Mama yake alitoka kwao na watoto wanne kwenda kutafuta chakula kando ya reli, akarudi na mmoja. Babu alikua akiyasikia majina ya ndugu zake watatu ambao hakupata kuwaona, na alipokuwa mzee aliweza kuyataja. Mimi nilikuwa mtoto, sikuyaandika, na sasa nalikumbuka moja tu. Haya ni makosa yangu mwenyewe, na sioni mtu wa kumlaumu.

Ndugu zangu, watu 30,000 ni mara thelathini ya kiasi kitakiwacho ili ugomvi uitwe vita. Nao, katika daftari lile la vita vya mataifa, ni kama mvua ya Jumapili ya ofisi yetu: jumla imepigwa, sahihi imetiwa, na waliokuwa wakitazama hawakuona pengo. Wengine watasema kwamba Mtunya ilikuwa shauri la mvua. Lakini hilo nalo ni dhana, na dhana hupimwa. Ugogo ilikuwa na miaka ya ukame kabla ya 1914 na baadaye. Weka ubavu kwa ubavu mwaka wa ukame usio na jeshi na mwaka wa ukame wenye jeshi, kama tulivyoweka Kagera na Nyasa. Angalia pia kijiji kilicho karibu na reli na kijiji kilicho mbali nayo, wapi palitolewa wapagazi wengi na wapi wachache, na wapi walikufa wengi zaidi. Kama dhana yangu ni kweli, vijiji vilivyotoa wapagazi na ng'ombe wengi vilipata hasara kubwa kuliko jirani zao waliopata mvua ile ile. Na kama sivyo ilivyokuwa, nitasimama hapa tena niseme kwamba nilikosea, kama Richardson alivyofanya na siku yake ya mwaka wa 1910.

Mtaniuliza kama elimu hii yaweza kuzuia vita. Sijui mtu wa kweli anayeweza kuwaahidi hivyo. Mvua haisomi utabiri wake, lakini wakuu wa mataifa husoma wa kwao, wakageuza nia. Ila naona kwamba mtu akienda kwenye meza ya mapatano na hesabu kamili ya gharama, pamoja na ya wale ambao hawakugombana na mtu, hatazungumza sawasawa na mtu aliyebeba hesabu ya askari peke yake.

Kwa hiyo nina ombi. Walioiona Mtunya kwa macho hawapo tena, na wana wao, waliosimuliwa na wazazi, wamebaki wachache sana, wengi hawatoki nje ya nyumba. Nimetengeneza fomu ya ukurasa mmoja. Ina safu ya jina la kijiji. Umbali wake toka reli. Waliochukuliwa kuwa wapagazi, na waliorudi. Ng'ombe waliochukuliwa, na aliyewachukua. Watoto waliotajwa kwa majina ambao hawakuonekana tena. Safu ya mwisho ni ya jina la msimulizi na jinsi alivyopata habari, kama ni kwa mamaye au kwa mtu wa mbali, maana habari hizo mbili hazina uzito mmoja. Wenye kwenda likizo Mpwapwa, Manyoni, Kongwa, Bahi na Chamwino nawaomba mchukue tatu tatu. Msiwasaidie wazee kujibu, wala msijaze kwa kubahatisha. Asiyekumbuka, andikeni kwamba hakumbuki.

Fomu ziko mezani kwa Bwana Katibu, na zirudishwe kabla ya mkutano ujao. Atakayeambiwa kwamba katika kijiji chao hakufa mtu, na aandike sifuri, asiache nafasi tupu.